Kalamu ya kupimia chumvi ya maji: mapitio kwa wanaowajali kome wa Pangani na Zigi

Kalamu ndogo ya TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini), ile yenye vitufe vitatu vya ON/OFF, HOLD na TEMP, betri mbili za vidonge na kifuniko cha plastiki, huuzwa zaidi na wafungaji wa mitambo ya kuchuja maji. Kwa maji ya kisima na ya bombani kazi yake inajulikana. Lakini mfugaji wa samaki, mwanafunzi wa uvuvi na mwanakikundi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) huichukua pia mtoni, ili wajue kama maji bado yanamfaa kome wa maji baridi, yule mwenye magamba mawili anayejizika nusu mchangani akichuja maji. Mapitio haya ni kwa ajili yao, na tumeyaandika tukiifikiria mito miwili ya mkoa wa Tanga: Pangani na Zigi.

Uamuzi tunautanguliza. Kwa Zigi ya juu, kwa mabwawa ya samaki na kwa mto wowote ambao maji ya kujaa hayaufikii, kalamu hii ni kifaa kizuri ukishaisawazisha. Kwa Pangani ya chini, usiinunue. Tafuta kalamu ya EC (upitishaji wa umeme) inayosoma mikrosiemensi na kufika angalau 20,000. Na popote ulipo, fahamu kwamba inakwambia chumvi ni nyingi kiasi gani, haikwambii ni chumvi ipi. Kwa kome, ni chumvi ipi ndilo swali lenye uzito.

Kwanza, inavyofanya kazi. Umeme mdogo hupita kati ya ncha mbili za chuma kupitia maji. Kadiri chumvi zilizoyeyuka zinavyozidi, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Kipimo halisi cha jambo hilo ni mikrosiemensi kwa sentimita. Kalamu ya TDS hukificha kipimo hicho, hukizidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani, kisha hukuonyesha jibu kama sehemu kwa milioni, yaani miligramu kwa lita. Namba hiyo ya kuzidishia ndiyo huleta mabishano, kwa kuwa kalamu nyingine hutumia 0.5 na nyingine 0.7. Maji yale yale ya mikrosiemensi 1,000 yatasomeka 500 kwa mmoja na 700 kwa mwenzake, na kalamu zote mbili ni nzima. Ndiyo maana takwimu za vikundi viwili vilivyopima mto mmoja haziwezi kulinganishwa mpaka kila kimoja kiseme kalamu yake inazidisha kwa ngapi.

Karatasi ya maelekezo mara nyingi haisemi. Kuigundua ni kazi ya nusu saa. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa, yale ya kuongezea. Soma lebo vizuri, maana asidi ya betri nayo huitwa maji ya betri madukani, na hiyo itakuunguza mkono na kula ncha za kalamu. Chukua chumvi laini ya mezani, ikaushe dakika chache kwenye kikaango kikavu, iache ipoe. Pima gramu 5 kwa mizani midogo ya kidijitali, yeyusha katika maji hayo hadi ujazo ufike lita moja. Toa mililita 100 za mchanganyiko huo, ziongeze maji ya betri tena hadi lita moja. Sasa una nusu gramu ya chumvi kwa lita, na kwa joto la nyuzi 25 maji hayo yana takriban mikrosiemensi 1,020. Kalamu inayozidisha kwa 0.5 itasoma karibu 510, ya 0.7 itasoma karibu 710. Ikisoma kitu kingine kabisa, mathalani 430, basi haijasawazishwa: tafuta kitundu kidogo mgongoni, ingiza bisibisi ya miwani, zungusha taratibu huku kalamu imo majini. Kalamu isiyo na kitundu hicho hairekebishiki; piga hesabu ya tofauti, iandike kwenye kipande cha plasta na ukibandike kwenye mwili wake.

Usitumie chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya chumvi kwa kazi hii. Ni chumvi nzuri ya kukaushia samaki, ila hushika unyevu na ina magnesiamu ndani yake, kwa hiyo gramu 5 unazopima si gramu 5 za sodiamu kloridi, yaani chumvi tupu ya mezani. Ukiweza kununua maji maalumu ya kusawazishia yaliyoandikwa 1413, yanunue; hayo yametengenezwa kwa potasiamu kloridi, na yanasoma mikrosiemensi 1,413 kwa nyuzi 25. Usiyarudishe chupani baada ya kuchovya kalamu.

Sasa kome mwenyewe, kwa sababu namba bila mnyama haina maana.

Kome wa bahari ana damu yenye chumvi sawa na bahari inayomzunguka, hivyo hasumbuki kulinda tofauti. Kome wa mto ana kazi nyingine. Damu yake ni miongoni mwa damu zenye chumvi kidogo kabisa katika wanyama, takriban sehemu moja ya ishirini ya ile ya maji ya bahari. Hata hivyo ni chumvi zaidi ya iliyomo mtoni. Kwa hiyo maji humwingia usiku na mchana kupitia ngozi laini na matamvua, naye huyatoa kwa mkojo mwepesi, kisha huvuta chumvi kutoka mtoni kupitia matamvua ili kufidia anayopoteza. Mtambo huo umejengwa kwa maji yenye chumvi kidogo. Maji yakifika gramu moja na nusu ya chumvi kwa lita, karibu mikrosiemensi 2,900, tofauti kati ya damu yake na mto inakwisha. Juu ya hapo hana namna ya kuzuia: chumvi ya damu inapanda kadiri ya mto unavyopanda.

Kabla ya kufika huko, hufunga magamba. Hapo ndipo wapimaji wengi hudanganyika. Kome mzima aliyejifunga anaweza kuvumilia wimbi la chumvi lililopita kwa saa kadhaa, hata siku, akaonekana yu salama. Lakini aliyejifunga hali, hapumui vizuri na hachuji. Anaishi kwa akiba, na maji yakiwa ya moto akiba hiyo huisha haraka zaidi. Chumvi ikirudi kila maji yanapojaa, kome hupoteza sehemu kubwa ya muda wake wa kula, na mwili wake hukonda ndani ya gamba lililo zima. Kwa hiyo anayehesabu magamba yaliyosimama mchangani na kuandika kwamba hali ni njema anahesabu wazee waliokwisha kuwapo kabla chumvi haijapanda. Swali la kuuliza ni wadogo wako wapi.

Wadogo hupitia njia ngumu. Katika familia ya Unionidae, ambamo jenasi ya Coelatura ya Afrika imo, jike hulea mayai ndani ya matamvua yake, kisha hutoa lava wadogo wenye magamba mawili waitwao glokidia. Glokidia hana budi kumpata samaki, ajifungie kwenye mapezi au matamvua yake, akae hapo mpaka ageuke kome mdogo, ndipo adondoke mchangani. Ana nafasi moja ya kujifunga. Chumvi humfanya ajifunge kabla ya wakati. Ni jambo la hakika kiasi kwamba maabara hulitumia kama jaribio: hudondoshea chumvi kwenye kisahani, na anayefunga magamba huhesabiwa kuwa hai. Mtoni, aliyejifunga bila samaki amekwisha. Jenasi za Chambardia na Mutela, ambazo nazo ni za Afrika, zimo katika familia nyingine, Iridinidae, na lava wao hana magamba ya namna hiyo, ingawa naye humtegemea samaki. Tunalitaja hili kwa sababu karibu tarakimu zote za sumu ya chumvi zinazozunguka duniani zimetokana na kome wa Amerika Kaskazini. Zichukue kama mwongozo wa tahadhari, si kama mpaka uliochorwa kwa ajili ya mito yetu.

Tarakimu zenyewe ni hizi. Marekani mwaka 1988 iliweka kiwango cha kloridi (sehemu ya chumvi isiyo sodiamu) cha miligramu 860 kwa lita kwa muda mfupi na 230 kwa muda mrefu, kwa ajili ya viumbe wa maji baridi. Kanada mwaka 2011 iliweka 640 na 120, na ikaonya kwamba hata hicho cha 120 huenda kisitoshe kuwalinda glokidia wa baadhi ya kome walio hatarini. Kwa chumvi ya kawaida iliyoongezwa kwenye maji safi, kloridi 120 ni kama miligramu 200 za chumvi, na kalamu ya EC itapanda kwa takriban mikrosiemensi 410. Kloridi 230 itaipandisha kwa karibu 780. Kloridi 860, kwa karibu 2,800. Kwenye kalamu ya TDS ya 0.5, gawanya kwa mbili.

Angalia tumesema itapanda kwa, hatukusema itasoma. Hapa ndipo kalamu inapotumiwa vibaya kuliko popote. Mto Pangani hukusanya maji kutoka miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na miamba ya volkano huyapa sodiamu na bikaboneti tangu kule juu. Zigi huanzia misitu ya Amani, Usambara Mashariki, kwenye miamba ya kale isiyoyeyuka kwa urahisi, hivyo maji yake ya juu ni mepesi. Karibu na mapango ya Amboni kuna mawe ya chokaa, na maji hupokea kalisi. Kalamu inajumlisha vyote hivyo kuwa namba moja. Kupanda kwa namba kutokana na chokaa si balaa kwa kome. Anaihitaji kalisi kujenga gamba, na tena maji magumu hupunguza makali ya kloridi. Kinyume chake, kiasi kilekile cha kloridi kwenye maji laini ya Zigi ya juu huumiza zaidi. Kwa hiyo pima sehemu ya juu ya mto kwanza, mbali na mashamba, makazi na bahari, upate namba ya asili ya mto wako. Kila utakachopima chini yake, toa namba hiyo kwanza. Namba tupu isiyo na msingi huo isipelekwe kwenye mkutano wowote.

Na kuna chumvi ambayo kalamu karibu haiioni, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: potasiamu. Mwaka 2006 katika machimbo yaliyojaa maji ya Millbrook, jimbo la Virginia, Marekani, waliangamiza kome mvamizi aitwaye Dreissena polymorpha kwa kutia potasiamu kloridi, wakilenga miligramu 100 za potasiamu kwa lita. Kome wakafa. Piga hesabu: miligramu 100 za potasiamu kwa lita, zikitoka kwenye potasiamu kloridi, hupandisha kalamu kwa mikrosiemensi 370 tu, yaani chini ya 190 kwenye kalamu ya TDS ya 0.5. Mtu wa maji ya kunywa angeona namba hiyo na kusema maji ni mazuri. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1973 ulioonyesha kwamba miligramu 11 tu za potasiamu kwa lita ziliua kome wengi wa maji baridi ndani ya wiki chache. Kiasi hicho huipandisha kalamu kwa mikrosiemensi 40 hivi, tofauti inayoweza kuletwa na mvua ya jana.

Potasiamu inatoka wapi huku kwetu? Mbolea ya chumvichumvi aina ya MOP ni potasiamu kloridi. Mfuko wa kilo 50 una karibu kilo 25 za potasiamu, zinazotosha kufikisha miligramu 11 katika lita zaidi ya milioni mbili. Majivu ya kuni nayo yana potasiamu, na kuyamwaga kandokando ya mto ni mazoea ya wengi. Maji ya kusindikia mkonge ni jambo la peke yake: juisi ya jani ina asidi na uchafu mwingi unaooza na kumaliza oksijeni. Kalamu itapanda ukiichovya chini ya mfereji wa kiwanda, ila namba itakayoonyesha haisemi lolote kuhusu asidi wala oksijeni, ambazo huenda zikawa zimekwisha kumuua kome kabla chumvi haijamgusa. Usimwambie mwenye kiwanda kwamba tatizo ni chumvi kwa sababu kalamu imesema hivyo. Beba pia kipima pH, na kama una uwezo, kipima oksijeni.

Turudi Pangani ya chini, ambako kalamu ya kawaida inashindwa waziwazi. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita, mikrosiemensi 53,000 hivi. Kalamu nyingi za TDS huishia 9,990, na tangu 1,000 huonyesha namba ikiwa na alama ya mara kumi, kwa hatua za kumi kumi. Wasomaji wasioiona alama hiyo huandika 240 mahali pa 2,400. Hili ni kosa baya, kwa kuwa namba ya kwanza ni ya mto mtamu na ya pili ni ya maji ambayo kome hawezi kuyahimili. Kati ya Pangani Mjini na Bweni, panapovuka kivuko, maji yakijaa kalamu haitakupa jibu lolote.

Mto huu una sababu ya kupimwa kwa uangalifu. Bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, na mashamba ya umwagiliaji ya juu vimebadilisha wingi na majira ya maji yanayofika pwani. Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda ndani zaidi. Na bahari haipandi kwa usawa. Maji chumvi ni mazito, hivyo hupenya chini ya maji baridi kama ulimi, na juu mto unabaki unanyweka. Mpimaji aliyeko mtumbwini akichovya kalamu usoni mwa maji atapata namba ya kutuliza moyo, wakati kome aliye chini yake ameshafunga magamba.

Pima chini. Chupa ya plastiki ya lita moja, jiwe lililofungwa kitako kwa waya, kizibo cha mpira chenye kamba yake. Ishushe mpaka jiwe liguse mchanga, inyanyue shibiri moja, vuta kamba ya kizibo, subiri mapovu yakome juu, pandisha haraka. Maji ya juu yataingia kidogo wakati wa kupandisha, kwa hiyo tumia chupa yenye mdomo mwembamba. Fanya hivyo mwisho wa maji kujaa, kabla hayajaanza kupwa, siku za bamvu na tena siku za maji mafu. Siku za bamvu bahari husukuma mbali zaidi, na za maji mafu tabaka mbili hukaa bila kuchanganyika sana. Kiangazi cha kaskazi, kabla masika hayajaingia, ndicho kipimo cha ubaya wa mwisho. Kupima siku moja ya masika na kutangaza kwamba mto ni mtamu ni kazi bure.

Kwa wadogo, hata maji ya chini hayatoshi, maana wao huishi ndani ya mchanga, katikati ya chembe. Chumvi iliyoingia mchangani hukaa humo saa nyingi baada ya maji ya juu kuondoka. Chukua bomba la sindano la mililita 50, lifunge mrija mwembamba wenye kitambaa kizito mdomoni, uuzamishe sentimita 5 mchangani, vuta polepole. Ukivuta kwa nguvu unanyonya maji ya juu kupitia kando ya mrija. Mwaga mililita 10 za kwanza. Zilizobaki zitie kwenye kikombe chembamba, zikifunika ncha za kalamu. Tofauti kati ya namba hii na ya maji ya juu yake ndiyo itakayokueleza kwa nini unaona wazee tu bila watoto.

Kuhusu uimara wa kalamu, haya ndiyo yanayoharibika. Ncha hushika mafuta ya mikono na mwani, namba zikashuka. Zisugue kwa mswaki laini na sabuni kidogo, suuza kwa maji ya betri. Povu la hewa likinasa kati ya ncha, namba hushuka pia, kwa hiyo izungushe kalamu majini na kuigonga ukingoni mwa kikombe. Joto ni adui mwingine: upitishaji wa umeme huongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Kalamu hujirekebisha yenyewe, ila kihisi cha joto ni kizito, hivyo kalamu iliyokaa juani kwenye ngalawa inahitaji dakika mbili au tatu majini kabla ya kubonyeza HOLD. Kuna kalamu ambazo zina TEMP kwa ajili ya kuonyesha joto tu bila kurekebisha chochote. Zijue kwa kupima maji yale yale yakiwa ya friji na yakiwa ya vuguvugu. Namba mbili hizo zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia chache, kirekebishi hakipo. Betri zikichoka namba huyumba kabla kioo hakijafifia. Na kwa kawaida kalamu za bei ya chini hazizuii maji: zamisha ncha tu, usivuke mstari. Ikidumbukia, toa betri papo hapo, suuza kwa maji ya betri, kausha kivulini siku nzima.

Wafugaji wa samaki wana matumizi yao, na hapa kalamu inastahili sifa kamili. Wengi hutia chumvi kwenye tangi kutibu samaki, gramu 1 hadi 3 kwa lita. Tangi la lita 1,000 lenye kilo 3 za chumvi lina kloridi karibu miligramu 1,820 kwa lita. Kuifikisha 120 lazima maji hayo yachanganywe na maji safi mara kumi na tano. Ukifungulia bomba tangi zima kwenda kijitoni kwa dakika kumi, wakati wa kiangazi, kijito hakina maji ya kutosha kufanya hivyo. Toa kidogokidogo kwa siku kadhaa, au mwaga kwenye ardhi tupu isiyo karibu na kisima, ukipima kijito juu na chini ya mfereji wako. Kalamu ya TDS inaiweza kazi hii vizuri kwa sababu unajua chumvi ni ipi: umeitia mwenyewe.

Usitegemee ulimi. Kloridi huanza kuonjeka kwa kawaida inapopita miligramu 250 kwa lita, yaani zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Kanada cha muda mrefu.

Vifaa vingine kwa kifupi. Refraktomita ya wafuga kamba, kile kifaa cha kupima chumvi kwa kutazama mwanga ukipita majini, haifai hapa. Mstari wake mmoja ni gramu moja kwa lita, na sehemu kubwa ya madhara tunayoyazungumza hutokea chini ya mstari huo wa kwanza. Vijiti vya karatasi vya kloridi ni vizuri kuandamana na kalamu, kwani hutenganisha kloridi na bikaboneti ya volkano. Kipimo cha nitrati ya fedha, kile cha kudondosha mpaka rangi ya njano igeuke nyekundu ya kahawia, ni sahihi zaidi, ila kromati, kemikali yake ya rangi, ni sumu na haipaswi kumwagwa mtoni. Mwachie kazi hiyo mtu wa maabara. Potasiamu haina njia ya mkato: peleka sampuli maabara kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji ya mto huohuo.

Ukiwa dukani kununua, uliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Je, inaonyesha mikrosiemensi? Je, inaweza kusawazishwa? Mwisho wake ni namba gani? Kalamu ya EC yenye majibu mazuri kwa yote matatu huuzwa ghali kuliko ya TDS, na kwa Pangani hiyo ndiyo ya kununua. Kikundi chenye fedha kidogo kinunue moja ya EC itakayokaa kwa katibu na kutumika kusawazisha kalamu za TDS za wanachama kila mwanzo wa mwezi, kwenye ndoo moja ya maji. Katika daftari, kila mstari uwe na mahali, saa, maji yanajaa au yanapwa, bamvu au maji mafu, kina cha sampuli, joto, namba iliyosomwa, na kalamu hiyo inazidisha kwa ngapi.